Wiketi Moja Ambayo Hakuichukua



Kama una Biblia karibu, weka alama sehemu hizi tatu: 1 Samweli sura ya 24, Mathayo 1:18-25, na Mathayo 18:21-35. Kama uko kwenye bajaji na Biblia imebaki nyumbani, usijali. Twende tu, nitakusimulia.

Leo nataka tuzungumze habari ya mcheza kriketi. Najua, najua. Hapa kwetu Kitete ukiwapelekea vijana wanaocheza chandimu jioni habari ya kriketi, watakutazama tu, halafu watakuuliza Simba inacheza lini. Lakini nivumilieni kidogo. Kwanza, mchezo wenyewe hauko mbali nasi kama tunavyodhani: vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 wamefuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la kriketi, lile la 2026 la Zimbabwe na Namibia. Pili, mtu huyu aliwahi kufanya jambo dogo, la sekunde chache, ambalo mimi naliona ni mahubiri kamili.

Yeye ni nani?

Anaitwa Courtney Walsh. Alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1962 mjini Kingston, Jamaika, akachezea timu ya West Indies. West Indies si nchi moja. Ni timu ya pamoja ya visiwa na nchi za Karibi: Jamaika, Barbados, Trinidad na Tobago, Antigua, Guyana na nyingine. Wengi wa watu wa huko ni wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki wakiwa watumwa.

Kazi ya Walsh ilikuwa kurusha mpira kwa kasi. Mrushaji anakimbia kutoka mbali, anautupa mpira mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimama nyuma ya mpigaji. Vijiti hivyo ndivyo wiketi. Ukiviangusha, mpigaji ametolewa, na watu wanasema umechukua wiketi.

Sasa sikia hesabu yake. Kuanzia 1984 mpaka 2001 Walsh alicheza mechi 132 za Test, zile ndefu za siku tano, akachukua wiketi 519. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha 500. Alirusha mpira zaidi ya mara 30,000! Fikiria mgongo na magoti ya mtu huyo. Na ili usidhani alikuwa malaika, zamu ya kupiga ilipofika alikuwa wa kuchekesha: mara 43 alitolewa bila mkimbio hata mmoja. Mungu hampi mtu mmoja kila kitu.

Lakini sikuja kuwasimulia zile 519. Nimekuja kuwasimulia moja ambayo hakuichukua.

Lahore, 1987

Kabla hatujafika Lahore, kanuni moja ya mchezo. Uwanjani wapigaji huwa wawili, mmoja kila upande. Mmoja anapiga, mwingine anasimama upande wa mrushaji akisubiri kukimbia. Mpira ukipigwa, wanapishana mbio, na kila wakipishana salama wanapata mkimbio mmoja. Yule anayesubiri hatakiwi kuuacha mstari wake kabla mpira haujarushwa. Akijiibia hatua, mrushaji ana ruhusa kusimama, akaviangusha vijiti vya upande ule kwa mpira alionao mkononi, na jamaa akawa ametolewa.

Ilikuwa tarehe 16 Oktoba 1987, mjini Lahore, Pakistani, kwenye Kombe la Dunia. West Indies walikuwa wakubwa wa mchezo huo: walibeba kombe 1975, wakabeba tena 1979, na 1983 wakafika fainali. Siku ile walipata mikimbio 216. Pakistani walihitaji 217. Mchezo ukabana mpaka mzunguko wa mwisho wa mipira sita, Pakistani wakihitaji mikimbio 14 huku wamebakiwa na wiketi moja tu. Mpira akapewa Walsh. Alikuwa na miaka 24, wiki mbili kabla ya kutimiza 25. Yaani umri wenu kabisa.

Abdul Qadir wa Pakistani akampiga mpira mmoja ukavuka uwanja mzima: mikimbio sita kwa mkupuo. Hatimaye ukabaki mpira mmoja, na mikimbio miwili ya kutafuta.

Walsh akaja mbio. Alipofika pale pa kurushia, akamwona Saleem Jaffar, yule aliyekuwa akisubiri upande wake, ameshautoka mstari. Jamani, mechi ilikuwa pale! Angegusa vijiti tu, West Indies wangeshinda kwa mkimbio mmoja.

Walsh akasimama. Akamtazama. Hakuvigusa vijiti. Jaffar akarudi kwenye mstari wake, na Walsh akageuka, akatembea mpaka mwanzo wa mbio zake, akaja tena kurusha mpira uleule wa mwisho. Qadir akaupiga, wakapishana mara mbili, Pakistani wakashinda. Na West Indies, kwa mara ya kwanza tangu kombe lile lianzishwe, hawakufika nusu fainali.

Hadithi imeishia hapo. Hakuna muujiza uliofuata. Alimwachia mwenzake, na timu yake ikafungwa.

Alikuwa na haki

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Walsh angeangusha vile vijiti asingekuwa mdanganyifu. Sheria ilimruhusu. Tena mwaka 2022 wasimamizi wa sheria za kriketi waliitoa kanuni hiyo kwenye sura ya mchezo usio wa haki, wakaiweka kwenye sura ya kawaida ya wachezaji kutolewa wakati wa kukimbia. Anayefanya hivyo leo hatumwiti mwizi.

Kwa hiyo swali la leo si lile tulilolizoea, la kuchagua kati ya halali na haramu. Swali hilo ulifundishwa tangu Komunyo ya Kwanza. Swali la leo ni gumu zaidi: ufanye nini unapokuwa na haki kabisa, karatasi unayo, mashahidi unao, na mwenzako amejikwaa mbele yako?

Tumwangalie Daudi. Mfalme Sauli anamwinda na watu elfu tatu nyika za Engedi. Sauli anaingia pangoni kujisaidia, kumbe Daudi na wenzake wamejificha humohumo ndani. Wenzake wanamnong'oneza kwamba leo ndiyo siku yenyewe, Mungu amekuletea adui yako mkononi. Oneni hapo: hata jina la Mungu wameliweka kwenye hoja! Daudi anakata pindo la vazi la Sauli tu, na hata kwa hilo moyo unamsuta. Anawazuia watu wake. Na je, baada ya hapo Sauli aliacha kumwinda? Hakuacha. Soma sura ya 26, utamkuta yuko nyikani tena na watu wale elfu tatu. Huruma ya Daudi haikumnunulia usalama. Aliitoa tu.

Halafu Mtakatifu Yosefu. Huwa tunaikimbilia sehemu ya malaika, tunaruka mstari wa kabla yake. Yosefu anaona mchumba wake ana mimba, na yeye anajua si yake. Kwa jinsi mambo yalivyoonekana, yeye ndiye aliyekosewa, na Sheria ilikuwa upande wake. Mathayo anasema alikuwa mtu mwenye haki, kwa hiyo hakutaka kumwaibisha Maria, akakusudia kumwacha kimyakimya. Uamuzi huo, kijana mwenzangu, Yosefu aliufanya kabla malaika hajamtokea. Kabla hajajua ukweli wote. Alipokuwa bado anadhani ameumizwa, tayari alishaamua kutomwangusha Maria mbele za watu. Mimi naamini kwa moyo huo ndipo Mungu aliona pa kumlaza Mwanae.

Na Bwana wetu mwenyewe, usiku wa kukamatwa kwake, alimwambia Petro kwamba angeweza kumwomba Baba akaletewa majeshi ya malaika zaidi ya kumi na mawili. Uwezo alikuwa nao. Hakuutumia. Sisi tumeokolewa na uwezo ambao Bwana hakuutumia.

Sisi wa njiani

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia. Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na kule Kwihara bado tembe alilokaa Livingstone linaonyeshwa kwa wageni. Tunapenda kuisimulia njia ile kwa miembe yake. Lakini chini ya mizigo ya pembe za ndovu walipita pia watu waliofungwa minyororo. Na mambo yale hayakufanyika gizani. Ilikuwa biashara yenye mikopo, ushuru na soko la wazi mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Zanzibar. Kwa miaka mingi mtu aliweza kumuuza mwenzake asubuhi na jioni akalala akisema, sijavunja sheria yoyote.

Kwa hiyo mtu wa Kitete akisikia neno "inaruhusiwa," ashtuke kidogo. Njia yetu inajua neno hilo limebeba nini.

Magharibi ya hapa, kule Karema kwenye Ziwa Tanganyika, aliishi Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akawa mganga na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuidai dunia deni lake, akatumia maisha yake kuwatibu watu ambao hawakuwa hata wa kabila lake.

Cherehani

Niwaletee mpaka mtaani. Dada mmoja wa jumuiya yetu, anayeuza maandazi, alimkopesha mwenzake shilingi 200,000. Waliandikishana vizuri, mashahidi wawili, na dhamana ikawa cherehani. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Ijumaa mtoto wa yule aliyekopa akalazwa, pesa ikaishia kwenye dawa. Jumatatu asubuhi dada akaja kwangu na ile karatasi, maana mimi ni mlezi wa vijana.

Akaniuliza, "Kaka, kisheria si yangu hii?"

Nikamwambia, "Ni yako."

"Kwa hiyo nikaichukue?"

Nikamsomea Mathayo 18, yule mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi, deni ambalo hata wajukuu zake wasingelimaliza, kisha akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Nikamwambia uamuzi ni wake, na pesa ni jasho lake. Akakunja karatasi, akaondoka.

Hakuichukua. Alikwenda na shahidi wake, wakaandika karatasi nyingine, miezi miwili mbele. Wanajumuiya wengine walimwita mjinga. Na niwaambie ukweli: mpaka leo amerudishiwa 140,000 tu. Mtaji wa maandazi umepungua, asubuhi anakanda unga kidogo kuliko zamani. Juzi nilimuuliza kama anajutia. Akasema, "Pesa inaniuma, Kaka, sitakudanganya. Lakini nikipita pale barazani kwake naenda Misa, nikaisikia ile cherehani inafanya kazi, napita vizuri."

Napita vizuri. Nimelibeba neno hilo mpaka leo.

Huruma si kufumba macho

Sasa msinielewe vibaya. Walsh hakujifanya hajaona. Alisimama mbele ya watu wote, na Jaffar akajua ameonekana, akarudi kwenye mstari. Yule dada alirudi na karatasi mpya na tarehe mpya. Huruma inasema ukweli, inaonya, inaweka mpaka. Anayekuibia kila mwezi hahitaji utabasamu tu, anahitaji kuambiwa.

Na kuna makosa ambayo si yako kuyasamehe kwa kunyamaza. Mtu akimdhuru mtoto, akimnyanyasa binti, akimpiga mke wake, usije ukasema unamfichia siri kwa huruma kama Yosefu. Nenda kwa ustawi wa jamii, nenda kwenye dawati la jinsia na watoto pale polisi. Yosefu alimlinda aliyekuwa hatarini. Anayemficha mkosaji amemwacha aliye hatarini peke yake. Ninachozungumzia leo ni haki yako wewe, deni lako wewe, ushindi wako wewe.

Kuna atakayeuliza: mbona Walsh aliwakosesha wenzake kumi? Walikimbia jua lile lote, yeye akatoa mechi. Swali zuri, na sitalifuta kwa neno tamu. Huruma ya mtu mmoja mara nyingi inalipiwa na nyumba nzima. Ndiyo maana ukitaka kusamehe deni ambalo ni la familia, zungumza na familia. Lakini sekunde nyingine hazikupi kikao. Pale kinachoamua ni mtu uliyekuwa unamjenga miaka yote kabla ya hapo.

Kilichobaki

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, jirani zetu Kenya walicheza na West Indies kwenye Kombe la Dunia. Kenya walipata mikimbio 166. West Indies, na Walsh yumo, wakatolewa wote kwa mikimbio 93. Kenya wakashinda kwa 73, na Afrika Mashariki nzima ya wapenda kriketi ikapiga vigelegele. Ndivyo ushindi ulivyo: leo uko kwako, kesho uko kwa jirani. Hata ile rekodi ya wiketi 519 imeshapitwa na wengine. Walsh mwenyewe aliendelea kuwafundisha wadogo: mwaka 2016 warushaji wa Bangladesh, mwaka 2020 timu ya wanawake ya West Indies.

Lakini mtaje Walsh kwa mtu anayeujua mchezo ule, na mara nyingi kabla hamjafika kwenye 519 atakutajia Lahore. Atakusimulia mechi aliyofungwa. Wahenga walisema wema hauozi, na mimi nakuongezea kwamba wema mwingine haurudi pia. Unabaki tu hapo ulipouweka, na watu wanapita vizuri.

Kijana mwenzangu, wiki hii utaletewa mpira wa mwisho. Pengine ni meseji za siri za rafiki mliyegombana naye, ziko kwenye simu yako, na kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Pengine ni mwenzako kazini amechelewa, na bosi anakuuliza wewe. Pengine ni ndugu yako kwenye mirathi, hajui kusoma ile karatasi vizuri. Utakuwa na haki. Simama kwanza. Mtazame.

Zoezi la wiki

1. Andika jina la mtu mmoja ambaye una haki ya kumwangusha. Mwombee kwa siku tisa, hata kama ni Salamu Maria moja tu kila siku.

2. Kama kuna deni unaloweza kuongeza muda wake, mwite mwenye deni, mwongeze muda, na muandikishane.

3. Nenda kitubio. Anayeijua talanta yake elfu kumi iliyofutwa hamkabi mtu koo kwa dinari mia.

Tusali

Bwana Yesu, ulikuwa na majeshi ya malaika na hukuyaita. Sisi tuna haki ndogondogo na tunazishika kama panga. Utupe macho ya kumwona mwenzetu aliyeutoka mstari wake, na nguvu ya kusimama kabla ya kumwangusha. Uwabariki wanaopata hasara kwa sababu ya huruma, uwape riziki yao. Uwalinde wanyonge ambao hatupaswi kuwanyamazia. Na siku yetu ya mwisho, tukiwa tumeutoka mstari, nawe utuhurumie. Amina.

Mtakatifu Yosefu, mtu mwenye haki, utuombee.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Mshirikishe kijana mmoja tafakari hii, hasa yule anayedaiwa.